Kipande cha Nne

4 Machi

Leo naanza shajara hii, na naahidi kusema kila kitu humu, hata yale yatakayoniaibisha. Ahadi hiyo nimeiandika kwa wino ili nisije nikaifuta.

Mwalimu wa fasihi ndiye aliyetuagiza. Kila msichana wa darasa letu ataandika shajara muhula huu wote wa mvua. Hatazisoma. Mwisho wa muhula atapitisha tu kidole gumba kwenye kurasa, kama mtu anayechanganya karata, aone kama zimejaa. "Lakini shajara inayosema nusu," alisema, "heri mwenyewe angelala."

Basi nianze na mimi. Mimi ni mtoto wa kinyozi. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho duka la Baba: kiti kinachozunguka, vioo viwili vinavyotazamana, na benchi la wanaongoja. Sisi tunaishi nyuma ya pazia. Mama hushona nguo, Bibi hulala na kuamka, nami hufanya kazi zangu za shule huku nikiwasikia wanaume wakiitengeneza dunia upande wa pili. Nataka kuwa mwandishi. Sijamwambia mtu.

7 Machi

Mvua imeanza, na shule imepata riwaya mpya ya yule mama anayetuandikia vijana habari za zamani. Vitabu vyake viwili vya kwanza tulivisoma mpaka majalada yakang'oka. Hiki kinaitwa Aliyeshika Kamba. Nakala ni moja na sisi ni wengi, kwa hiyo Mkutubi amefanya kama anavyofanya siku zote. Amekichana mgongo kwa kisu, akakigawa vipande sita, kila kipande akakishona kwa uzi na kukivika karatasi ya kaki yenye namba. Kila mtu anachukua kipande chake, akimaliza anabadilishana na mwenzake. Ukiwa na bahati unasoma kwa mpangilio. Usipokuwa nayo, unaanza na mazishi ya mtu ambaye hajazaliwa.

Mimi nimepata cha kwanza.

8 Machi

Mvua. Kipande cha kwanza nimekimaliza nikiwa nimesimama, kwa sababu Bibi alikuwa amelalia kitanda changu.

12 Machi

Nimemaliza cha pili na cha tatu. Ni wakati wa vita vya zamani. Msichana wa umri wangu anajua mahali pa kuvukia mto, na majirani wanaokimbia wanamwomba awavushe. Anafunga kamba ng'ambo, anaishika, watu wanavuka wakiifuata. Kisha anasikia askari. Watu bado wako majini, wakiwemo watoto wawili wa jirani, naye anaiachia kamba, anamshika mdogo wake mkono na kukimbia. Kipande cha tatu kinaishia hapo. Nilibaki nimekishika mpaka Mama akaniuliza kama naumwa.

Gazeti la Jumamosi litachapisha uhakiki mmoja wa mwanafunzi kuhusu kitabu hiki. Mwalimu atachagua wa kupeleka. Nautaka uwe wangu. Nautaka mpaka naona haya.

15 Machi

Kengele anaumwa tetekuwanga. Tunamwita Kengele kwa sababu akicheka darasa la jirani linadhani ni mapumziko. Kipande cha nne kiko kwake, na leo Mkutubi aliuliza nani ataenda kukichukua. Hakuna aliyejitokeza.

"Kikirudi kichemshwe kwanza," alisema mmoja.

"Kichemshwe na mwenyewe ndani," akajibu mwingine, na tukacheka wote. Nami nilicheka.

20 Machi

Nimesoma cha tano na cha sita. Miaka imepita. Yule msichana sasa ni mama mzima, ana duka la chumvi, ana mume mwema, watu wanamwamkia njiani. Kuhusu waliozama hakuna neno. Nimemkasirikia sana mwandishi.

21 Machi

Uhakiki nimeuandika. Kuna sentensi moja iliyokuja yenyewe: "Mwandishi amemvusha shujaa wake mto bila kumlowesha miguu." Nimeisoma mara nyingi kwa sauti ya chini. Kipande cha nne sikukipata. Lakini kipande kimoja kati ya sita hakiwezi kugeuza kitabu.

22 Machi

Mwalimu ameupenda. Umechaguliwa.

2 Aprili

Umechapishwa. Ukurasa wa vijana, upande wa juu, jina langu, jina la shule.

Baba alinunua magazeti mengi kuliko yaliyohitajika, akaubandika uhakiki ukutani kati ya vioo viwili, kwa hiyo ukikaa kwenye kiti unaniona mbele na nyuma. Kila mteja amesomewa. Hawezi kukimbia, ana wembe shingoni.

"Hebu sikiliza hapa," Baba anasema. "Bila kumlowesha miguu. Unaona hiyo? Huyo ni wangu."

"Kachukua kwa nani, Kinyozi? Wewe barua yenyewe unaandikiwa."

"Akili ni kama nywele, bwana. Kwako zimeishia, kwake zimeota."

Upande huu wa pazia Bibi aliniuliza huyo mwandishi amenikosea nini. Nikamwambia hajanikosea, huo ni uhakiki. "Ahaa," akasema. "Mimi nilidhani ugomvi."

5 Aprili

Shuleni naitwa Bi Mhakiki. Nikikanyaga dimbwi wananiambia niangalie nisiloweshe miguu. Naona raha. Nimeahidi kusema kila kitu, basi ni raha.

9 Aprili

Leo mhakiki mkubwa wa gazeti, yule bwana mwenye safu yake ya kila Jumamosi, ameandika kuhusu kitabu. Ninanakili: "Hata binti wa shule ameona walichokikwepa wakubwa: mwandishi huyu amemvusha shujaa wake mto bila kumlowesha miguu. Mwandishi anayewafundisha vijana kwamba historia haina deni hafai kuwekwa mikononi mwao."

Baba ameibandika na hiyo.

Nimeisoma safu yote. Kila anachosema kuhusu kitabu kimo katika uhakiki wangu. Hakuna hata jambo moja ambalo angelijua kwa kusoma mwenyewe. Ilikuwa kama unapokumbuka umeacha moto jikoni.

13 Aprili

Kengele amerudi, na madoa usoni kama aliyerushiwa majivu. Wakati wa mapumziko alinivuta nyuma ya maktaba, akatoa kipande cha nne kutoka kwenye mkoba.

"Nilikisoma mara mbili," alisema. "Nilikuwa sina kazi nyingine, najikuna tu. Kisha nikasoma gazeti. Bi Mhakiki, wewe hukukisoma hiki."

"Nilikisoma kwa mtu."

"Kwa mtu gani? Ni kimoja, na kilikuwa chini ya mto wangu."

Hakucheka hata kidogo, na nilitamani acheke.

Nimekisoma nyumbani, nikiwa nimegeukia ukuta. Nitaandika kilichomo, kwa sababu nimeahidi.

Vita vimekwisha. Msichana anarudi kijijini peke yake, kwa mguu. Anaenda moja kwa moja kwa mama wa wale watoto wawili, anamkuta kibarazani anachambua maharage kwenye ungo. Anakaa chini. Anasema, "Kamba ilikuwa mkononi mwangu. Nikaiachia." Anasimulia yote, sauti ya askari, uzito wa kamba, jinsi alivyosikia mtoto akiita jina lake na asigeuke. Kurasa nyingi. Yule mama haachi kuchambua. Mabovu anayatia upande, mazima upande. Msichana anapomaliza, yule mama anainuka, anaenda kuinjika chungu. Sura inaishia hapo. Baada ya hapo msichana anahama, hataki kukaa karibu na mto, na ndiyo maana kipande cha tano kinaanzia kwenye mji mwingine.

Miguu yake imelowa mpaka kiunoni.

Na kuna jambo jingine. Tarehe 22 Machi niliandika kwamba Mwalimu ameupenda uhakiki. Hiyo ilikuwa nusu. Kabla ya kuupenda aliniangalia juu ya miwani, akauliza, "Umekisoma chote?" Nikasema, "Ndiyo, Mwalimu." Sikuliandika hilo. Ningeliandika, ningelazimika kuliona kila nikifungua daftari.

14 Aprili

Mvua. Sikuandika.

16 Aprili

Mkutubi amesema kamati inayochagua vitabu vya shule imekiweka kitabu kando. Kingesomwa na shule zote mwaka ujao. "Wamesema kuna maoni magazetini," alisema huku akipanga kadi zake. Hakuniangalia, na sijui kama ni kwa sababu hajui au kwa sababu anajua.

Mwandishi atakuja shuleni Alhamisi. Alialikwa tangu mwaka jana. Nilidhani angekataa.

18 Aprili

Leo mteja mmoja amesema kwamba huyo mwandishi naye ni mtu mzima, anaandika kuhusu vita kama anaandika harusi. Hajasoma hata jalada. Baba alikubaliana naye kwa nguvu. Nimemsikia Baba siku zote kama mtu anayejua mambo, na leo kwa mara ya kwanza nilimsikia kama mtu anayerudia ya kuambiwa. Kisha nikakumbuka aliyemwambia ni nani.

21 Aprili

Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Tulidhani hatafika.

Alifika. Ni mama mfupi, mnene kiasi, na mwavuli uliovunjika ubavu mmoja. Viatu alikuwa amevishika mkononi. Alisimama mlangoni juu ya gunia la kufutia miguu, maji yakimtiririka, akasema, "Mnisamehe wanangu. Kama mnavyoona, mimi nimelowa."

Alicheka mmoja, wakacheka wawili, kisha darasa zima, na vichwa vyote vikanigeukia. Naye alikuwa anacheka. Ndipo nilipojua kwamba ameusoma.

Mwalimu alinisukuma mbele kwa mkono laini. "Huyu ndiye mhakiki wetu."

Mwandishi aliweka viatu chini, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Ilikuwa baridi. "Kumbe ni wewe," alisema. "Ile sentensi ni nzuri. Nimeirudia mpaka nimeikariri." Nilitafuta kejeli katika sauti yake ili nimchukie kidogo. Haikuwemo.

Nikarudi kukaa. Msichana wa mbele akamwuliza kama hakukasirika waliposema vibaya magazetini.

"Niliumia," alisema. "Kisha nikaenda kukifungua kitabu changu mwenyewe, nihakikishe. Kwa umri huu mtu anaweza kusahau alichoandika."

Darasa likacheka tena. Hakusema alichokikuta.

Mwalimu akamwomba atusomee. Akasema nakala yake imelowa, je, shule inayo? Mkutubi akaleta vile vipande sita kwenye trei, kama vikombe vya chai. Mwandishi alivitazama kwa furaha kubwa. Alisema hajawahi kukiona kitabu chake kikiwa familia. Akaviinua kimoja kimoja, akapima unene wake, akafunua. Alipofika cha nne akakifunua katikati, akasoma kidogo kwa macho. Karatasi yake ya kaki ilikuwa mpya kuliko za wenzake, haina alama za vidole.

"Na hiki?" aliuliza. "Mbona hiki kisafi hivi?"

"Kilikuwa kwangu, Mama," Kengele alisema. "Nilikuwa na tetekuwanga. Waliogopa kukishika."

"Pole. Ulikaa nacho muda mrefu?"

"Karibu mwezi, Mama. Nimekirudisha juzi juzi."

Aliuliza hayo taratibu, kama mtu anayeuliza njia. Kisha akasema, "Ahaa." Tu. Mvua ilikuwa inapiga bati. Nilijua kwamba anahesabu siku, na nilijua amefika kwenye jibu. Sikuweza kumtazama usoni, nikamtazama miguu. Kulikuwa na tope katikati ya vidole.

Angeweza kusoma hapo hapo alipokuwa amefunua. Angesoma ukurasa mmoja, na kila mtu angejua, na hakuna ambaye angemlaumu. Niliungoja huo ukurasa. Nadhani nilitaka ausome.

Akakifunga kipande cha nne, akakiweka chini ya vingine vyote. "Nitawasomea mwanzo," alisema. "Mwanzo ndio wenye mto mzuri."

Akasoma vizuri sana. Wengine walilia. Wakati wa kuondoka alivaa viatu vilivyolowa bila kusita, akaaga, akapita karibu na dawati langu. Hakusimama.

Nje, Kengele alinisogelea. "Amejua."

"Nimeona."

"Na amenyamaza."

"Nimeona."

"Bora angekuchapa," alisema, na ni kweli.

22 Aprili

Nimemwambia Mwalimu. Nilimkuta chumba cha walimu, anasahihisha. Nilisema kama yule msichana wa kitabuni: "Sikukisoma kipande cha nne. Uliponiuliza nilisema ndiyo."

Alivua miwani. Nilingoja anikemee, kwa maana yeye ndiye aliyetufundisha kwamba mhakiki hasemi juu ya asichokisoma. Akafunika kalamu yake nyekundu.

"Mimi nilikisoma," alisema. "Likizo, harakaharaka, nikiwa na wageni. Nilipofika kwenye ile sentensi yako nilisita. Nikasema moyoni, lakini si kulikuwa na mama na ungo? Ningeweza kwenda maktaba kuangalia."

"Kwa nini hukwenda, Mwalimu?"

"Ilikuwa nzuri mno," alisema. "Sikutaka ikose kuwa kweli. Nikakusahihishia mkato mmoja."

Hatukujua nani amwambie nani pole. Mwishowe tuliandika pamoja barua kwa mhariri, fupi, bila sentensi nzuri hata moja. Nakala tumeipeleka kwa kamati.

23 Aprili

Baba. Nilimwambia dukani mbele ya watu, kwa sababu nyuma ya pazia ningelia. Mteja alikuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa.

Baba aliacha mashine ikinguruma hewani. "Gazeti zima likuchapishe, wewe uje ulikatae?"

"Nilikosea, Baba. Nilisema jambo halimo, kumbe limo."

"Na yule bwana mkubwa wa safu? Naye alikosea?"

"Yeye alinifuata mimi."

"Basi! Mtu mkubwa vile akufuate wewe, halafu wewe urudi nyuma? Nani atajua? Nani hapa amekisoma?"

Hakuna aliyekisoma. Niliona aibu kwa ajili yake, kisha nikaona aibu ya kumwonea aibu.

"Nitoe zile karatasi ukutani," nilisema.

"Hazitoki."

"Jamani," alisema mteja kwa upole, "mtanisamehe, lakini nimalizieni upande huu. Nina mkwe anakuja."

Baba alimmalizia. Karatasi hazikutoka. Hajazungumza nami tangu hapo.

27 Aprili

Baba amesema, "Chumvi." Nikampa.

30 Aprili

Wamechapisha. Nilipitia gazeti mara tatu kabla ya kuona. Ipo ukurasa wa nyuma, kati ya cherehani inayouzwa na mtu aliyepoteza funguo: "Mwanafunzi aliyehakiki riwaya Aliyeshika Kamba anakiri hakuisoma yote. Kipande alichosema hakimo, kimo. Anaomba radhi." Bwana wa safu ameandika leo kuhusu kitabu kingine kabisa.

Mama alichukua mkasi wake wa kushonea, akakata kile kijisehemu kwa mstari ulionyooka kama anakata kola, akapita kwenye pazia. Mama haingii dukani kukiwa na wateja. Leo aliingia. Akakibana kwa pini yake ya nguo chini ya uhakiki wangu, akarudi kwenye cherehani.

Huko mbele tukasikia sauti ya mzee mmoja akisoma polepole, kwanza ule mkubwa, halafu kile kidogo. "Kinyozi," akasema, "sasa tushike lipi?"

Nilisikia Baba akipuliza nywele kwenye mashine.

"Yote mawili ni ya binti yangu," alisema. "Inamisha kichwa."

3 Mei

Kamati haijajibu. Mkutubi anasema kamati huwa haijibu, huamua tu. Amenipa anwani ya Mwandishi. Nimeanza barua mara nne, na kila mara naiona inapendeza, naichana.

6 Mei

Shikamoo, Mama Mwandishi.

Barua imenishinda. Kila nikiandika najikuta natafuta sentensi, nawe unajua sentensi zangu zimekufanyia nini. Kwa hiyo nimezitoa kurasa za shajara hii, zote, na Mkutubi amenionyesha namna ya kuzishona kwa uzi na kuzivika kaki. Sikutoa hata moja iliyonitia aibu. Mwalimu amepitisha kidole gumba kabla sijafunga, akasema zimejaa.

Sikuombi unisamehe. Nimejaribu kuliandika ombi hilo, likawa kama nakudai. Natumaini tu kitabu kitarudi kwenye orodha ya shule, hata kama itakuwa baada ya sisi kumaliza. Kengele anakusalimu. Baba pia, ingawa hajui namna ya kulisema. Jana nilimkuta ana kipande cha pili, anakisoma kwenye kiti chake mwenyewe, amekizungusha kuelekea ukutani.

Kipande cha nne nimekisoma sasa mara nyingi kuliko Kengele. Kuna jambo ambalo hukuliandika, na safari hii nimehakikisha: nimelitafuta katika vipande vyote sita. Bahasha yenye stempu imo humu ndani, nakuomba unijibu kwa posta ya kwanza. Yule mama aliinuka akainjika chungu, na sura ikaishia hapo. Maharage yalipoiva, alimpakulia?